Haki ya Aliye Chini: Maji Yavujayo kutoka kwa Jirani wa Juu



Ndugu wasomaji, na hasa dada zangu mnaobeba mzigo wa kusimamia nyumba, juma hili tumeweka mezani barua mbili zilizotufikia kutoka magharibi mwa Kenya. Barua hizo zinasema jambo moja, ila moja inalitazama kutoka chini na nyingine kutoka juu.

Ya kwanza ni ya dada mzaliwa wa Mombasa, ambaye mume wake alihamishiwa kazi Kitale. Wanaishi katika jengo la ghorofa nne, wao wakiwa ghorofa ya kwanza. Anasema kwamba kwa muda wa miezi sita dari ya jikoni mwake inatoka maji, na ukuta wa chumba anachosalia umefanya weusi wa kuvu. Mtoto wake mdogo hakohoi mchana, lakini usiku halali. Alipomwambia jirani wa juu, aliambiwa, “Mimi napanga tu, nenda kwa mwenye nyumba.” Alipompigia mwenye nyumba, aliambiwa, “Sema na huyo wa juu, yeye ndiye anayemwaga maji.” Sasa majirani hao wawili hawaamkiani ngazini.

Ya pili ni ya dada wa Bungoma, naye ndiye anayeishi juu. Kila akioga, au akiwaogesha watoto kabla ya kwenda chuoni, jirani wa chini hugonga dari kwa mpini wa ufagio. Ameambiwa aache kutumia bafu lake mwenyewe. Anauliza: “Je, mimi ni mwenye dhambi kwa maji ambayo siyaoni, katika nyumba ambayo si yangu, na ambayo sina fedha ya kuivunja sakafu yake?”

Inshaallah tutazijibu barua hizi kwa pamoja, kwa kuwa jawabu la mmoja halikamiliki bila la mwenziwe.

Wakaao juu na wakaao chini

Kuishi watu wengine juu ya vichwa vyetu si jambo geni kwetu sisi wa Pwani. Katika nyumba za mawe za Lamu, mji uliotiwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2001, dari ilibebwa na boriti za mikoko zilizopangwa karibu karibu, na juu yake yakatandazwa mawe ya matumbawe na chokaa. Mara nyingi familia ilipanda juu kwa sababu ya mabinti: binti akiolewa, wazee wake humjengea makao juu ya makao yao. Hivyo birika ya binti ilipovuja, maji yaliangukia chumba cha mama yake, na ufa ulizibwa kabla ya boriti kuoza, kwa kuwa aliye juu na aliye chini walikula sinia moja.

Katika fleti za Kitale na Bungoma mambo ni mengine. Aliye juu huenda ni mtu wa kabila jingine, wa dini nyingine, aliyekuja mwezi uliopita na atakayehama mwezi ujao. Hakuna sinia linalowakutanisha. Kilichobaki baina yao ni zege, na haki ya ujirani.

Haki hiyo ni nzito. Mwenyezi Mungu katika Suratun-Nisaa, aya ya 36, ametuamrisha wema kwa jirani wa karibu na jirani wa mbali, na hakuweka sharti la dini. Tunasimuliwa kwamba Abdullahi bin Amr, radhi za Allah ziwe juu yake, alipochinjiwa mbuzi nyumbani kwake aliuliza kwanza kama jirani yao Myahudi amekwisha kupelekewa. Basi asidhani yeyote kwamba jirani Mkristo ana haki ndogo katika jambo la maji machafu yamwangukiayo.

Mtume, swalla Llahu alayhi wasallam, alitupigia mfano ambao ungeweza kuandikwa kwa ajili ya barua hizi mbili. Ni mfano wa watu waliopanda chombo, wengine wakapata nafasi ya juu na wengine ya chini. Wa chini walikuwa wakipanda juu kuteka maji na kuwapitia wenzao, mpaka wakafikiri watoboe chini katika sehemu yao wenyewe ili wasiwasumbue wa juu. Wakiachwa wafanye walitakalo, wote wataangamia. Wakizuiwa, wote wataokoka. Mfano huo umepokewa na Imam Bukhari kutoka kwa Nu’man bin Bashir. Mafunzo yake ni mengi, lakini moja linatuhusu leo: hakuna sehemu ya chombo iliyo ya mtu peke yake kwa maana ya kwamba madhara yake yataishia hapo.

Wanazuoni wa fiqhi waliliandikia jambo hili mlango wake. Katika Majalla, mkusanyo wa sheria uliotungwa na dola ya Uthmaniya baina ya 1869 na 1876 juu ya msingi wa madhehebu ya Hanafi, imeelezwa kwamba mwenye nyumba ya juu ana haki ya kubebwa na nyumba ya chini, na mwenye nyumba ya chini ana haki ya kusitiriwa na ya juu kutokana na jua na mvua. Kisha hairuhusiwi kwa mmoja wao kufanya jambo la kumdhuru mwenziwe pasipo idhini yake. Zingatieni mizani hiyo: wa chini hubeba, wa juu husitiri. Sakafu ya mmoja ni paa la mwingine. Basi anayeomba dari yake isivuje haombi fadhila. Anaomba sitara ambayo ni haki yake.

Kwanza yajueni maji yenyewe

Ugomvi mwingi wa namna hii huanza kwa sababu watu hutafuta mwenye kosa kabla ya kutafuta chanzo. Maji yana tabia ya kuingia mahali pamoja na kutokea pengine. Huweza kupenya kwenye kona ya bafu, yakafuata bomba au nondo ndani ya zege, yakadondoka jikoni hatua tatu kutoka hapo. Kwa hivyo doa lililo juu ya jiko la dada wa Kitale halithibitishi kwamba kasoro iko juu ya jiko hilo.

Lakini maji hayo yana saa zake, na saa hizo ndizo zitakazowaambia ukweli. Chukueni daftari, mwandike kwa muda wa juma moja yanavuja lini.

Yakivuja mchana na usiku bila kukoma, hata jirani akiwa safarini, shuku bomba la maji safi. Bomba hilo lina msukumo wakati wote, na kiungo chake kikilegea halingoji mtu afungue mfereji. Njia ya kulipima ni kufunga mifereji yote ya nyumba ya juu, kusoma mita, na kuisoma tena baada ya saa moja. Ikiwa namba imesogea na hakuna aliyetumia maji, bomba linavuja.

Yakivuja tu wakati jirani anapooga au kufua, shuku njia ya maji machafu au sakafu ya bafu. Hapa ndipo penye maradhi ya majengo yetu mengi ya kupangisha. Sakafu ya bafu yafaa ipakwe dawa ya kuzuia maji kupenya kabla ya vigae kutandazwa, na dawa hiyo ipandishwe kidogo ukutani. Mjenzi mwenye haraka huiruka hatua hiyo, kwa kuwa haionekani baada ya kazi kwisha. Vigae vyenyewe havizuii maji. Saruji iliyo baina yao hupasuka, na tundu la kutolea maji sakafuni huachia pembeni. Miaka miwili au mitatu hupita kwa salama, kisha dari ya chini huanza kupiga madoa.

Yakivuja choo kinapovutwa, shuku kiungo cha choo na bomba lake. Rangi ya chakula ikitiwa ndani ya choo, kisha choo kikavutwa, na tone la chini likatoka na rangi hiyo, hapana tena haja ya kubishana.

Yakivuja mvua inaponyesha, basi jirani wa juu huenda hana hatia yoyote. Chanzo chaweza kuwa paa, ufa wa ukuta wa nje, au roshani ambayo tundu lake limezibwa na takataka. Na yakitokea alfajiri peke yake, tazameni tangi lililo juu ya paa: boya lake likiharibika, tangi hujaa usiku na kumwagika ukutani.

Kuna jambo jingine linalojulikana na kila aishiye katika miji yenye mgao wa maji. Maji yanapokatika, mtu hufungua mfereji, akaona mkavu, akausahau wazi. Maji yakirudi saa tisa za usiku, naye amelala au amesafiri, sakafu hugeuka ziwa na jirani wa chini huamshwa na mvua ya ndani ya nyumba. Hili si kosa la fundi wala la mwenye nyumba. Ni la aliyeacha mfereji wazi.

Kwa nini jambo hili lisicheleweshwe

Wasomaji wetu wa Pwani huenda wakasema kwamba dari ikiloa itakauka. Kwetu, mvua za masika hufikia kilele mwezi wa Mei, kisha jua na upepo wa kusi husaidia kukausha. Kitale iko karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, baina ya Mlima Elgon na vilima vya Cherangani. Huko mvua huanza Machi au Aprili na kuendelea, ikizidi na kupungua, hadi Oktoba au Novemba. Usiku ni wa baridi na madirisha hufungwa. Bungoma iko chini zaidi na ina joto kidogo, lakini mvua yake nayo ni nyingi. Ukuta ulioloa katika nchi hiyo haukauki wenyewe.

Ukuta usiokauka huota kuvu. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2009 kuhusu unyevu na kuvu ndani ya majumba, lilieleza kwamba wakaao katika nyumba zenye unyevu wako katika hatari zaidi ya kikohozi, matatizo ya kupumua na pumu. Dada wa Kitale, mpeleke mwanao kwa daktari, na umweleze hali ya chumba anacholala. Hamisha kitanda chake mbali na ukuta ule hata kabla ya matengenezo. Usiupake rangi ukuta ulio na maji. Rangi huficha kuvu kwa mwezi mmoja tu.

Umeme ni hatari iliyo karibu zaidi. Maji yakionekana kwenye taa ya dari au swichi, usiiguse. Zima umeme wa nyumba kwenye kikatizi kikuu, ikiwa mkono wako ni mkavu na unasimama pakavu, kisha umwite fundi wa umeme. Na dari ya jipsamu ikianza kuning’inia kama tumbo, watoto wasipite chini yake, kwa kuwa maji yaliyokusanyika ndani ni mazito.

Kwa mwenye nyumba nasi tunalo neno. Maji yakiingia katika zege kwa muda mrefu hufikia nondo. Nondo hushika kutu, kutu huvimba, na zege hupasuka na kubanduka vipande. Kiungo ambacho leo chaweza kutengenezwa na fundi mmoja kwa siku moja, kesho kitadai kuvunjwa kwa sakafu nzima. Wazee walisema: usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Ni nani alipe?

Hapa ndipo mpira unapopigwa kutoka ghorofa hii hadi ile. Tuuweke chini.

Majengo mengi ya Kitale na Bungoma yana mwenye mmoja, na wote wakaao ndani yake ni wapangaji. Sheria ya Ardhi ya Kenya ya mwaka 2012, katika kifungu cha 65, inamwekea mwenye nyumba ahadi ambazo zimo ndani ya kila mkataba wa kupangisha hata kama hazikuandikwa. Anapopangisha sehemu tu ya jengo, ni juu yake kutengeneza paa, kuta kuu, mifereji mikuu ya maji machafu na sehemu za shirika. Na nyumba ya kuishi anayoipangisha yapasa kuwa yenye kukalika, na ibaki hivyo muda wote wa kupangisha. Kwa hivyo mwenye nyumba anayemwambia dada wa Kitale “malizaneni wenyewe” anaukimbia wajibu wake. Sakafu iliyojengwa bila kinga, bomba lililooza ndani ya ukuta, na paa linalovuja ni vyake.

Mpangaji naye hana ruhusa ya kuharibu. Aliyeacha mfereji wazi, aliyeziba tundu la bafu kwa nywele na matambara, au aliyeunganisha mashine ya kufulia bila fundi, madhara yake ni juu yake. Hiyo ndiyo sheria ya nchi, na ndiyo kanuni ya fiqhi ambayo kila mwanafunzi wa madrasa huifahamu, kwamba madhara hayafai kuanzishwa wala kulipizwa, na yakiwapo huondolewa.

Wasomaji walionunua fleti Mombasa au Nairobi wajue kwamba hali yao iko chini ya Sheria ya Mali za Sehemu ya mwaka 2020. Sheria hiyo huunda shirika la wamiliki wa jengo, lenye kamati ya ndani ya kusuluhisha migogoro kama hii.

Sasa, dada wa Bungoma, hili ndilo jawabu la suali lako. Kwa kasoro usiyoijua, ndani ya sakafu usiyoijenga, hatuoni dhambi juu yako, wala hulazimiki kuivunja kwa fedha yako. Lakini tangu siku ulipoambiwa, kuna wajibu mmoja uliokuangukia ambao huwezi kumsukumia mwenye nyumba, nao ni mlango. Funguo za bafu hilo ziko mkononi mwako. Gharama yaweza kuwa ya mwingine, lakini kumruhusu fundi aingie, kupunguza maji wakati wa kungoja, na kumpigia simu mwenye nyumba pamoja na jirani yako, hayo ni yako. Ogea katika beseni kubwa kwa siku chache, na maji uyamwage chooni, ikiwa choo si ndicho kinachovuja. Ukifanya hivyo umemsitiri aliye chini kwa kadiri ya uwezo wako. Ukiufunga mlango kwa kusema “mimi napanga tu,” basi maji yanayomwangukia leo yana sehemu yako.

Adabu ya kusema

Dada wa Kitale, nawe unao wajibu. Usigonge dari. Usiandike katika kundi la WhatsApp la wapangaji kwamba fulani anakumwagia uchafu, kwa kuwa aibu humfanya mtu atetee heshima yake na kusahau bomba. Panda mwenyewe, baada ya Alasiri wakati watu wametulia, umbishe hodi. Mwalike ashuke aione dari kwa macho yake. Watu wengi wa juu hudhani kwamba wa chini anatia chumvi, mpaka waone.

Kisha andika. Neno la mdomo husahaulika, na mwenye nyumba hatasema hakuambiwa. Barua fupi yatosha, kama hii:

“Jirani yangu mpendwa, dari ya jikoni kwangu inavuja tangu tarehe fulani, na huzidi wakati fulani wa siku. Naomba tupange siku ambayo fundi ataingia kwako kukagua, wewe ukiwapo. Sijasema kwamba kosa ni lako. Naomba tujue maji yanatoka wapi. Nakala ya barua hii nimempa msimamizi wa jengo na mwenye nyumba.”

Piga picha za dari zenye tarehe. Hifadhi risiti za vilivyoharibika na za daktari. Baki na nakala ya kila ujumbe. Mpe mwenye nyumba muda unaojulikana, kwa mfano siku 7 za kukagua na siku 14 za kutengeneza, na uyaandike hayo pia.

Siku ya fundi kuja, dada zangu, msipange akiwa mwanamke yuko peke yake. Awepo mume, kaka, mama mkwe, au jirani wa kike, na kwa hakika ni vyema majirani wote wawili wawe pamoja juu na chini. Hilo huhifadhi sitara, na huwafanya wote wawili wasikie kwa sikio moja maneno ya fundi.

Na jambo moja watu hulikimbilia kwa hasira: kuzuia kodi. Msizuie kodi pasipo makubaliano yaliyoandikwa. Mkataba hukutaka ulipe, na ukiacha kulipa wewe ndiwe utakayegeuka mvunja ahadi, na shauri la maji litazama katika shauri la deni. Ikiwa mwenye nyumba atakubali utengeneze wewe kisha ukate katika kodi, aandike hivyo na kutia sahihi, pamoja na kiasi.

Suluhu ikishindikana

Mwenyezi Mungu anapenda suluhu, na Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 nayo, katika ibara ya 159, inahimiza njia za upatanishi. Anzeni kwa mzee wa mtaa au kikundi cha Nyumba Kumi. Ikiwa wote ni Waislamu, imamu wa msikiti wa jirani anaweza kuwakalisha. Lakini jueni kwamba shauri hili si la Mahakama ya Kadhi. Ibara ya 170 imeiwekea mahakama hiyo mambo ya hali ya mtu, ndoa, talaka na mirathi, baina ya Waislamu walioridhia. Msipoteze nauli kupeleka huko bomba lililopasuka.

Maji machafu yakidondoka ndani ya makao ya watu, mlango mwepesi kuliko mahakama ni ofisi ya afya ya umma ya kaunti. Sheria ya Afya ya Umma, Sura ya 242, inaihesabu nyumba iliyo katika hali ya kudhuru afya, na mifereji mibovu ya maji machafu, kuwa ni kero inayopaswa kuondolewa. Afisa wa afya anaweza kuja kukagua na kutoa amri ya kutengeneza. Mara nyingi karatasi yake humwamsha mwenye nyumba ambaye simu ishirini hazikumwamsha.

Kwa fidia ya vilivyoharibika, kama godoro, kabati au vyombo vya umeme, iko Mahakama ya Madai Madogo. Sheria yake ya mwaka 2016, pamoja na marekebisho yaliyofuata, inaipa uwezo wa kusikiliza madai yasiyozidi shilingi 1,000,000, yakiwamo ya uharibifu wa mali, na kesi yatakiwa kumalizika ndani ya siku 60. Unaweza kujisemea mwenyewe bila wakili. Hapo ndipo daftari, picha na risiti zitakapokuwa mashahidi wako.

Suali la tohara

Dada wa Kitale ametuuliza pia kama sala zake katika chumba kile zimesihi. Msingi ni kwamba asili ya maji ni tohara, na yakini haiondolewi na shaka. Tone ambalo hujui limetoka wapi, huhukumiwi kwamba ni najisi, wala hulazimiki kupanda juu kuuliza kila linapokudondokea. Maji ya bomba la kuletea ni tohara. Maji yaliyotumika kwa josho au udhu, kwa madhehebu ya Imam Shafi yanayofuatwa Pwani, ni tohara yenyewe ingawa hayatoharishi tena. Lakini ikithibitika, kwa harufu, kwa rangi au kwa ukaguzi wa fundi, kwamba yanatoka katika bomba la choo, hayo ni najisi: uoshe nguo na sakafu mpaka dalili zake ziondoke, na usali mahali pengine mpaka patengenezwe. Kwa sala zilizopita, mweleze sheikh wako wa karibu hali ilivyokuwa, akufafanulie. Waswasi usiupe nafasi, kwa kuwa huo nao ni uvujaji wa aina yake.

Neno la mwisho

Ndugu zangu, tumefundishwa kwamba si halali kwa Muislamu kumhama nduguye zaidi ya siku tatu, na kwamba mbora wao ni yule anayeanza salamu. Wanaoishi juu na chini ya jengo moja hukutana ngazini kila asubuhi. Kila siku wanayopitana bila salamu huwa nzito kuliko ya jana, na watoto wao hujifunza kutoka kwao. Bomba litatengenezwa na fundi, na gharama italipwa na aliyewajibika. Salamu haina fundi wala mahakama. Hiyo ni ya kurejeshwa na mmoja wenu kabla ya fundi kufika.

Basi aliye juu na afungue mlango, aliye chini na apunguze ukali wa ulimi, na mwenye nyumba amche Mola wake katika kodi anayoipokea kila mwezi. Tunamuomba Mwenyezi Mungu azijaalie nyumba zetu kuwa zenye sitara na utulivu, na atuwafikishe kuwatendea wema majirani tuliopewa.

Wabillahi tawfiq. Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakaatuh.